Wakili Tuliyemwita Shemeji

Mtaani kwetu, ndugu zangu, hapakuwa na chumba kilichojaa watu kama cha Mama Cherehani. Aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno alibaki kusikiliza nani kaposwa na nani, na aliyepita kuuliza bei ya gauni alijikuta kashika mkasi, anasaidia kukata nyuzi. Nyumba ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Alitaka jambo moja tu: jina la binti yake wa pekee liongezwe kwenye hati, ili siku akifumba macho mtoto asisumbuliwe.

Ndipo akaja Shemeji. Huyu alikuwa wakili, rafiki wa marehemu tangu shuleni. Alimwita mama shemeji, na mtaa mzima ukamwita yeye hivyo hivyo. Siku ya mazishi alilia kuwashinda ndugu wa damu.

Asubuhi moja, miezi kadhaa baada ya mazishi, alitandaza karatasi zake juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya wateja.

"Shemeji yangu, uhangaike na foleni za maofisini na mimi nipo? Kazi hii nakufanyia bure. Weka saini hapa, hapa, na hapa."

Hilo neno "bure" lilimlainisha mama kabisa. Lakini binti yake, ambaye ni msusi, alinyoosha mkono. "Mama, ngoja tusome kwanza."

"Tusome nini?" mama akang'aka. "Mtu aliyembeba baba yako mpaka kaburini, leo tumkague? Usinitie aibu mbele za watu!"

"Mwacheni," mteja mmoja akachokoza, "msusi kaona kipara cha wakili, anatafuta pa kuanzia!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binti akarudisha mkono. Mama akasaini, na wateja wawili wakasaini kama mashahidi, vifua mbele. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja.

Miezi mitatu baadaye, mama alimkuta mwanamume asiyemjua uani, anapima madirisha kwa tepu.

"Baba, umepotea?"

"Sijapotea, mama. Nimeinunua nyumba hii. Kwani wakili wako hajakwambia?"

Kumbe zile karatasi zilimpa Shemeji mamlaka ya kuuza nyumba kwa niaba yake.

Mama alifika ofisini kwa wakili amevaa ndara zisizofanana. Shemeji hakuinuka kitini.

"Nilipata biashara ya haraka," alisema akitazama meza. "Nilijua pesa zitazaa mara mbili, nikurudishie kabla hujajua."

"Umeuza nyumba ya rafiki yako?"

"Ulisaini mwenyewe, shemeji. Mbele ya mashahidi wako."

Kesi ilikwenda mahakamani. Wakili alifutiwa uwakili, akafungwa, lakini pesa zilikuwa zimeshaliwa. Mnunuzi alinunua bila kujua hila, na karatasi zake zilikuwa safi, hivyo nyumba ikabaki yake. Hakimu aliwauliza wale mashahidi kama walisoma walichosaini.

"Hapana, mheshimiwa," mmoja alijibu kwa sauti ndogo. "Tulikuwa tunacheka."

Siku ya kuhama, mama alisimama katikati ya chumba kitupu.

"Mwanangu, nyumba imeniuma. Lakini kinachonichoma ni kwamba nilikuona wewe mjinga, nikamwona yeye ndugu."

Binti akasogea karibu. Alishika upande wa pili wa cherehani, wakaitoa nje wawili peke yao. Sisi wengine tulichungulia madirishani, tukiona haya kutoka.

FUNZO

Jamani, kumtaka wakili akusomee karatasi si kumtukana. Hiyo ni kazi yake, awe rafiki wa marehemu au mgeni wa jana. Anayekuharakisha usaini, mwambie arudi kesho, na karatasi ibaki kwako. Usiwe shahidi wa kitu usichokijua. Na mwenzenu akisema "ngoja tusome", msimcheke. Sisi tulicheka, na nyumba ikauzwa.