Jeconia Arudisha Undugu

Jumamosi ya mwisho kabla ya chuo kufunguliwa, Soko la Toi halikuwa na pa kuweka hata kisigino. Kaluki alikuwa ameinama kwenye rundo la mablanketi ya mitumba, kilemba chake cha rangi ya machungwa kimelegea, wasichana wanne wa Kawangware wamemzunguka kama vifaranga. Hao ndio waliokuwa fresha wake, wanafunzi wapya wa chuo, mwaka huu. Yeye mwenyewe alishamaliza chuo na sasa aliuza dawa dukani karibu na stendi, lakini kazi ya kujitolea ya umenta, ile ya kumshika mgeni mkono mpaka chuo kimzoee, ilikuwa haijamtoka.

Alitaka kuwaambia jambo, mtu mwingine akalisema nyuma yake.

"Blanketi halichaguliwi kwa macho. Linachaguliwa kwa pua."

Kaluki aliganda. Maneno hayo alikuwa ameyarithi, na aliyemrithisha alikuwa mmoja tu. Akageuka polepole, kama anayeogopa kumwaga kitu. Jeconia alikuwa amesimama katikati ya vijana wanne wa Kibera, fresha nao, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mfuko unang'aa, ndevu kidogo ambazo zamani hazikuwepo.

"Sasa, Kaluki."

"Poa."

Ikawa ndiyo hiyo tu, baada ya miaka mitano. Wasichana wakatazamana, mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba poa ya namna hiyo huwa na mwenyewe.

Na kweli ilikuwa naye. Mwaka ule Kaluki alipoingia chuo, Jeconia alikuwa mwaka wa mwisho, na ndiye aliyepangiwa kuwa menta wake. Alimwonyesha maktaba, akamwonyesha foleni ya kukwepa na mhadhiri wa kuogopa. Kila jioni saa kumi na mbili simu ililia, na maswali yalikuwa matatu: umekula, umesoma, umelia? Kaluki alijifunza kusema amelia hata siku ambazo hakulia, maana siku za kulia maongezi yalikuwa marefu. Walicheka sana siku zile. Ukimuuliza leo walikuwa wanacheka nini, hakumbuki, anakumbuka tu tumbo likimuuma.

Kisha juma la kumi simu haikulia. Siku ya pili akapiga msichana aitwaye Becky, akasema kwa upole kwamba sasa yeye ndiye menta wake. Jeconia hakushika simu tena. Wakikutana uani alisalimia kwa kidevu na kupinda njia. Mwaka ulipoisha akaenda kufundisha Homa Bay, habari zake zikaisha.

Sasa pale Toi alikuwepo pia Angeline, mwanamke wa Kibera anayewapanga menta wote wa pande hizi na aliyemwita Jeconia aje likizo kusaidia, mwenye mdomo usiojua kufunga duka. Akawakusanya fresha wote wanane kama mali yake, akamsukuma Kaluki begani.

"Nendeni mkanywe chai Makina. Na umuulize. Mimi siri hii imenichosha kubeba, na kesho kutwa anarudi Homa Bay."

Wakakaa wawili kwenye mkahawa mdogo karibu na msikiti, chai ya tangawizi ikifuka katikati yao. Jeconia akaanza kuulizia duka la dawa, akaulizia mvua. Kaluki akamkata.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi nilikuwa mzigo. Ni ule mtihani wa kemia? Nilikulilia sana, najua."

"Kaluki. Unakumbuka mamako alivyoniambia siku ile kwenu?"

Akakumbuka. Ilikuwa desturi ya kikundi chao: menta hamshiki mgeni mkono kabla ya kwenda kwa wazazi kujulikana. Jeconia alifika Kongo, kule Kawangware, kwenye chumba chao cha mabati, na mamake Kaluki, Mumbua, akampakulia sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, iliyojaa maharagwe mpaka ukingoni. Alipomaliza, mama akasema mbele ya majirani kwamba nyumba yake haina mtoto wa kiume. Kuanzia leo wewe ni kaka yake, akasema, na kaka halindi kwa mkono mmoja huku mwingine ukiiba. Jeconia alisimama, akakubali kwa sauti.

"Nilikubali Agosti," Jeconia akasema, akikizungusha kikombe. "Kufika Oktoba nilikuwa nimeshindwa."

"Kushindwa na nini?"

"Na kuwa kaka."

Kaluki alitaka kucheka, hasira ikawahi.

"Jeki, nililia wiki mbili. Mama naye akanigombeza, akisema lazima nilikosa adabu ndiyo kaka akanitoroka. Miaka mitano. Si ungeniambia?"

"Ningekuambia vipi na nimekula kwa mamako? Neno la mzazi si mchezo."

"Neno ulimpa mama. Mimi sikuapa kitu. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Jeconia akakiweka kikombe mezani. Hilo, kwa akili zake zote za ualimu, hakuwahi kulifikiria.

"Bado umeshindwa?" Kaluki akauliza, macho kwenye chai.

"Bado. Kila siku saa kumi na mbili."

Kaluki akafunga kilemba upya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Basi kama neno unaliheshimu hivyo, lirudishe kwa mwenyewe. Kesho, watu wakitoka kanisani. Usipokuja, Jumatatu upande gari lako na namba yangu uifute."

Jumapili nyumba ya Mumbua ilikuwa imefurika akina mama wa jumuiya, wengine wamekaa kitandani, wengine kwenye mitungi iliyogeuzwa. Simu ya Kaluki ikalia.

"Uko wapi?" Kaluki akauliza.

"Hapa kwa kona. Miguu imekataa."

"Iambie mama ameshakuona."

Jeconia akaingia na koti la suti katika joto lile. Akasalimia wote mmoja mmoja, akakataa kiti.

"Mama, nimekuja kurudisha undugu."

Vijiko vikasimama. Ndunge, jirani asiyepitwa na jambo, akauliza kama undugu nao hurudishwa.

"Kwani umekushinda?" Mumbua akauliza.

"Umenishinda, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba ya mwaka ule ule."

Mumbua alimtazama bintiye. Uso wake ukalegea, akamwambia kwa Kikamba, taratibu, kwamba alimgombeza bure na amsamehe. Kisha akamgeukia Jeconia.

"Nimeupokea. Sasa wewe si wa hapa. Toka nje, upige hodi kama mgeni yeyote. Na mlango sifungui mimi. Atafungua yeye, akitaka."

Jeconia akatoka, mlango ukafungwa. Nyumba nzima ikamgeukia Kaluki. Hodi ya kwanza ikapigwa, naye akawa anakunja kanga iliyokuwa imekunjwa tayari. Ya pili ikapigwa, Ndunge akaguna. Miaka mitano, Kaluki akawaambia, acheni asimame kidogo.

Hodi ya tatu haikuisha. Mkono wa Kaluki ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Karibu," akasema. "Wewe ni nani?"