Shamba Alilokuja Nalo Yusta

Kila asubuhi Yusta alimnywesha mumewe uji kwa kijiko, kisha akaenda kupalilia miwa yao hapo Ruhembe. Onesphory, aliyekuwa akikata miwa huku anaimba, sasa hata kikombe kilimshinda. Ini lilikuwa limeharibika, na hospitali walisema wazi kwamba hatapona.

Shamba lile Yusta alilirithi kwa baba yake kabla ya kuolewa. Lakini walipojiunga na chama cha wakulima wa miwa, waliandikisha jina la mume. Ndivyo wengi walivyofanya. Mapenzi yakiwa motomoto, nani anawaza karatasi?

Siku moja jirani yao Tumwagile, msaidizi wa kisheria wa kata, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akamfuata Yusta jikoni.

"Mama Kelvin, shamba lina jina la nani?"

"La Baba Kelvin."

"Basi andikianeni makubaliano. Shamba ulikuja nalo, ni lako. Nyumba mmejenga pamoja, ni yenu wote wawili. Mngeweza kukubaliana hivyo hata kabla ya harusi, lakini hamjachelewa. Kila mmoja akubali kwa hiari yake, pawe na shahidi, na wakili athibitishe."

Yusta alikasirika. "Unataka nimchurie mume wangu kifo? Nimpelekee karatasi kitandani, aone nimeshamzika?"

Onesphory alisikia yote kutoka chumbani.

"Yusta," aliita kwa sauti dhaifu. "Kifo hakingoji kuitwa. Niitie Ditram awe shahidi."

Ditram, mdogo wake, alikuja mbio. Alipoelezwa, alisita.

"Kaka, shamba si la ukoo wetu?"

"Ni la baba yake Yusta. Ndiyo maana nataka usaini wewe, mdogo wangu, ujue na ukumbuke."

Ditram akalia kama mtoto.

Wakili alikuja kutoka Mikumi. Aliwasomea makubaliano polepole, akamuuliza kila mmoja kama amelazimishwa. Wote wawili walisema hapana. Wakasaini, na Ditram akasaini baada yao. Tumwagile akaongozana na Yusta hadi kwenye chama na ofisi ya kijiji, jina likabadilishwa.

Mvua zilipoanza, walimzika Onesphory.

Kwenye matanga, baba mdogo wa marehemu, mzee Wenceslaus, alisimama. "Shamba linarudi kwenye ukoo. Mjane atajua pa kwenda."

Ditram akainuka.

"Baba mdogo, unisamehe. Shamba ni la shemeji. Kaka alitamka mwenyewe, na sahihi ya shahidi ni yangu."

Mzee akaketi. Hakulitaja tena shamba lile.

Msimu wa kuvuna ulifika. Watoto walibaki nyumbani kwao na shuleni kwao, na miwa ilikwenda kiwandani kwa jina la Yusta. Majirani wakampongeza. Yusta aliwashukuru, kisha akaingia ndani, akalia. Shamba lilikuwa lake. Wa kulima naye hakuwepo.