Vitabu vya Asumbi

Bati la nyuma lilikuwa limekatwa kwa mkasi. Katoni za vitabu vya shule hazikuwemo stoo, na Priscah, wakala wa kampuni ya Vitabu Hima mjini Rongo, alikuwa ameketi sakafuni akilia.

"Nani alijua mzigo umefika?" aliuliza Inspekta Kezia Oyaro.

"Kila mtu, Madam. Lori liliegesha hapo barabarani mchana wote."

Kezia hakumwamini. Alimtia ndani siku hiyohiyo, haraka ambayo alikuja kuijutia.

Kesho yake Konstebo Gisiri alirudi kutoka shule ya Asumbi na vitabu viwili alivyovipata kwa wasichana wa bweni. Nambari za mzigo zilikuwa zilezile za katoni zilizoibwa. Lakini vilikuwa vimefunikwa kwa plastiki, pembe zimekunjwa mara tatu, bila kiputo hata kimoja cha hewa.

Kezia aliitambua kazi hiyo. Rongo nzima, ni mtu mmoja tu aliyefunika vitabu namna hiyo: Mzee Joash Nyamweya, mwenye duka la vitabu karibu na soko.

Na ni yeye aliyewaongoza wauza vitabu wa Migori na Homa Bay kuishtaki Vitabu Hima kwa mamlaka ya ushindani wa biashara. Kampuni hiyo, walidai, ilikuwa kubwa kiasi cha kuwakataza wasambazaji kuwauzia wengine. Kesi ingesikizwa Jumatatu. Wenzake waliogopa kusimama. Shahidi alikuwa yeye peke yake.

Kezia alitamani awe amekosea. Hata hivyo alipeleka plastiki na bati maabara. Alama za vidole zilizonaswa kwenye gundi ya plastiki zilifanana na zile za kwenye bati, na zote zilifanana na za kwenye rekodi ya kitambulisho cha Nyamweya.

Walimkuta dukani, rafu tupu nyuma yake.

"Mzee, vitabu vya Asumbi ulivitoa wapi?"

"Kwa msambazaji wa Kisumu."

"Anasema hajakuuzia kitu tangu mlipoishtaki Hima."

Mzee alifuta vumbi la kaunta kwa kiganja.

"Vidole vyako viko kwenye bati, Mzee."

Nyamweya aliketi. "Wazazi waliniletea orodha zao kama kila mwaka. Nikawaambia waje Ijumaa, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa mzigo. Halafu msambazaji akanipigia, amekatazwa. Ningewaambia nini, Madam? Waende kwa Hima? Mimi ndiye niliyewaomba wasiende."

"Na kwa nini ukavifunika? Ungewapa hivyo tu, nisingekujua."

Alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. "Kitabu hakitoki kwangu bila kufunikwa."

"Unajua Jumatatu itakuwaje?"

"Wakili wao atasema mlalamishi ni mwizi. Na ni kweli." Alisimama, akachukua koti. "Ni kweli Priscah bado yuko ndani?"

"Yuko."

"Basi twende. Mtoto wa watu asilale huko tena kwa sababu yangu."

Kezia hakumfunga pingu.

Priscah alitoka bila kuitikia salamu ya Kezia. Jumatatu malalamiko yalitupiliwa mbali kwa kukosa shahidi, na Gisiri akazunguka Asumbi kukusanya vitabu vyote viwe vielelezo. Wazazi walimpigia Kezia simu mmoja baada ya mwingine, wakiuliza wanunue wapi vingine. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuwaelekeza, naye akawaelekeza.