Staata ya Pikipiki ya Brayo

Haya yalimpata rafiki yangu Naliaka, wa hapa Malaba, baada ya kumzika mwanawe Brayo, kijana wa boda boda. Staata ya pikipiki yake, ile ya kuwashia injini, ilikuwa imechoka, kwa hivyo enzi za uhai wake kila alfajiri mama alimsukuma mgongoni mpaka iwake, naye akicheka, "Sukuma, mama! Staata yangu ni wewe!"

Juzi Naliaka aliipeleka kwa fundi mjini Amagoro itengenezwe iuzwe, maana moyo ulikataa kuitazama. Fundi akaifungua staata. "Pole, mama, hii imekufa kabisa. Wacha pikipiki ilale hapa." Naliaka akaiacha huko, akarudi Malaba.

Alfajiri iliyofuata, kukiwa bado giza, Naliaka akasikia sauti ya staata nje ya mlango wake: krr, krr, krr. Kisha kimya. Akatoka akilia, akanyoosha mikono kama alivyozoea. Viganja vikagusa mgongo wenye joto.