Gauni Lililowahi

Saa mbili asubuhi, stesheni imefurika, kila mtu anamsukuma mwenzake kama wanagombania urithi, mfuko wa koti jeupe la binti mmoja ukanaswa kwenye kitasa cha mlango wa treni. Chwaa! Ukachanika mpaka kiunoni. Siku ya kwanza ya masomo, nchi ya watu, hamjui hata mtu wa kumwomba pini.

"Mgeni, simama hapo hapo. Usigeuke, watu wataona mengi."

Msemaji alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda kando ya ngazi: mwembamba, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alipiga goti akaanza kushona palepale, watu wakiwapita kushoto na kulia.

"Umejuaje kama mimi ni mgeni?"

"Umeuomba mlango samahani."

Binti akacheka mpaka sindano ikamchoma. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mgeni.

La fundi naye alilijua upesi. Stesheni nzima ilimwita Kesho, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mteja. Sare za shule? Kesho. Suti ya harusi? Kesho. Bwana harusi mmoja alioa kwa suti ya kuazima, mtoto akazaliwa, akaanza kutambaa, suti bado iko mezani haina mikono. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri ajabu, kwa hiyo watu walikuja kumtukana na kumwachia vitambaa vingine.

Ikapita miaka miwili. Mgeni alikuwa akisomea upimaji wa macho, na kila jioni akitoka chuoni alipitia kibandani, akakaa kwenye kigoda katikati ya marundo ya nguo za watu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shika ufagio huo."

"Nimekuja kusoma mimi, sikuja kufagia."

"Basi soma huku unafagia, mpenzi."

Nyumbani alimwacha mama, mjane, na mtoto wake ni huyo huyo mmoja. Mama alipiga simu kila Jumapili. "Unakula, mwanangu? Haya, mimi nipo." Hakuwahi kusema rudi. Ila binti alipokata simu alibaki na ile "mimi nipo" kifuani, ikimlemea.

Masomo yakaisha, na hapo ndipo roho ilipoanza kumvuta huku na huku. Akilala aliota jiko la mama. Akiamka alifurahi kujikuta katika chumba chake cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha linalogoma kufunga. Chuo kilimpa nafasi ya kazi kliniki, ajibu kabla ya Ijumaa. Asipoitaka, tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya wiki tatu mbele.

Nafasi hiyo hakumwambia Kesho. Alitaka kuambiwa "baki" na mtu asiyejua kama inawezekana. Jamani, mapenzi yana ujinga wake! Badala ya kusema, Jumatatu alimpelekea kitambaa cha kijani.

"Nishonee gauni la kurudia nyumbani."

Kesho alikishika kile kitambaa muda mrefu. "Ndege lini?"

"Wiki tatu."

"Njoo kesho."

Mgeni akaondoka anatabasamu peke yake. Kesho ya fundi huyu aliijua, ni miezi minne, mitano. Alishajipangia: bila gauni haondoki, na lawama zote atambebesha fundi.

Jumatano asubuhi simu ikalia.

"Mgeni wangu, gauni tayari."

"Tayari nini?"

"Gauni. Mpaka vifungo. Njoo ujaribu."

Lilimkaa kama alizaliwa nalo: shingo ya mviringo, mikono ya kufika kwenye viwiko, mifuko miwili iliyoshonwa mara mbili mbili. Alijitazama kwenye kioo, akavishika vifungo kimoja kimoja. Mtu aliyemwaibisha bwana harusi, leo kwa Mgeni ndio amewahi! Ananifukuza, akawaza. Amechoka na mimi.

"Umelipenda?"

"Leo umekuwa mwepesi."

"Kwa ajili yako."

"Nimeona."

Alilivua, akalikunja, akaenda moja kwa moja chuoni kuandika kwamba nafasi haitaki. Siku hiyo hiyo akapewa mwenzake.

Kesho alipiga simu mara nne jioni ile, mara mbili siku ya pili, kisha mara moja. Baadaye simu ikanyamaza, na Mgeni aliyekuwa haipokei akaanza kuilinda. Aligawa vyombo vyake kwa majirani, akabaki na sahani moja na kijiko kimoja. Stesheni alipita mlango wa nyuma. Asubuhi moja aliliambia birika, "Haya, chemka basi," akashtuka kusikia sauti yake. Ilikuwa siku ya tatu hajasema neno na mtu.

Zikabaki siku mbili kabla ya safari, mlango wa nyuma ukawa umefungwa kwa matengenezo. Akalazimika kupita mbele. Mama muuza vifungo, ambaye Kesho humwita Shangazi, alimdaka mkono.

"We binti, una moyo wa namna gani?"

"Nimefanya nini, Shangazi?"

"Yule kijana amekaa siku mbili hajainuka kwenye cherehani, nguo za watu kaweka chini zote. Kamaliza lako, kafunga kibanda, kila mteja kamwambia wiki tatu hapokei kazi. Alitaka zote akae na wewe. Amekaa nazo peke yake!"

Mgeni alimkuta nyuma ya kibanda, amekaa juu ya kreti, shati halijapigwa pasi. Machozi yakamtangulia.

"Nilidhani unanifukuza."

"Nikufukuze? Nilikuwa nakuharakisha uje!"

"Kwa nini hukuniambia nibaki?"

"Mama yako ana mtoto mmoja, Mgeni. Nimwibie?"

Akamweleza habari ya kliniki. Kesho akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakulaumu, na hilo ndilo lililomuuma Mgeni zaidi. Siku mbili zilizobaki hawakuachana, ila walizungumza kidogo, kama watu walio msibani. Uwanja wa ndege Kesho alimsaidia kubeba begi mpaka pale wasindikizaji wanapozuiwa, na hata hapo neno lile "baki" hakulisema.

Mama alimpokea kwa vigelegele. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kilekile, ila sasa alikiona kidogo, magoti yalifika ukutani. Siku nne binti alikaa dirishani na lile gauni la kijani, hali, hasemi. Siku ya tano mama akaweka kikombe chini.

"Ni nani?"

Akamwambia yote. Mama alisikiliza, akasonya.

"Kwa hiyo mmeachana kwa ajili yangu. Mliniuliza?"

"Hapana, mama."

"Mimi kukaa peke yangu nilishazoea mwaka wa kwanza. Nilikuwa nakupigia usikie kwamba nipo, usiwe na wasiwasi na mimi. Na yeye, alikuuliza kama unataka kubaki?"

"Hapana."

"Wewe ulimuuliza kama anakutaka?"

Binti akatikisa kichwa.

"Sasa mnapendana vipi, watu msioulizana? Lete simu."

Binti alipiga mwenyewe. Iliita mara moja tu.

"Nina swali," akasema, bila salamu. "Unataka kunioa?"

Kwa mbali akasikia treni inaingia stesheni, watu wanasukumana, kisha mwanamume analia bila kujificha.

"Nataka. Nilitaka tangu zamani, niliogopa kumuudhi mama."

"Basi yuko hapa."

Mama akapokea simu, akajifuta mkono kwenye kanga kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema mama. "Haya. Niulize."