Aliyeketi Nyuma ya Kioo

Kadra, mkaguzi wa abiria, alikuwa ameketi mbele ya skrini kama mtu aliye kazini, ila kichwa chake kilikuwa kimelala mezani na waya wa chaja umemzunguka shingo mara mbili.

Inspekta Najla Tuneya aliinama bila kugusa kitu. Alama ya waya ilikuwa imezama sana. Chini ya kucha mbili za mkono wa kulia palikuwa na damu na vipande vya ngozi.

"Funga mikono yake kwa mifuko ya karatasi," alimwambia konstebo. "Hiyo ngozi ina mwenyewe."

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Kiwanja kidogo cha ndege nje ya Minjila kilikuwa kimejaa watu kama siku ya mnada wa ng'ombe. Ndege yenyewe hubeba abiria kumi na wawili, lakini wasindikizaji hawapungui hamsini, na leo hata wasio na wa kumsindikiza walikuja. Habari za kifo zilifika Garsen kabla polisi wa Garsen hawajawasha gari.

Chumba hakikuwa na dirisha. Humo ndimo zilimoonekana picha za ile mashine ya ukaguzi iliyosimama ukumbini: abiria huingia, huinua mikono, na mwili wake hutokea kwenye skrini kana kwamba hakuvaa nguo. Kampuni ya ulinzi iliinunua kuukuu. Watu wa Tana wakaibandika jina: Kioo.

Mshukiwa alikuwa amekwisha kushikwa. Swaleha, mjane wa Kipini, aliketi kwenye benchi akiwa na pingu.

"Afande, nakuomba," alisema. "Ndege inaondoka saa tano. Mwanangu anapasuliwa moyo kesho Mombasa, na bila sahihi yangu hawamgusi. Baba yake hayupo duniani."

"Msimamizi wa walinzi anasema ulifokeana na marehemu, kisha ukamfuata chumbani."

"Nilikaa hapahapa benchini. Na kule kufoka tuliigiza."

"Mliigiza?"

"Alinisogelea akaninong'oneza, 'Dada, leo kataa kuingia kwenye Kioo. Piga kelele. Haki yako imeandikwa ukutani.' Nikapiga kelele. Akanipeleka nyuma ya pazia, akanikagua kwa mkono."

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema, 'Ukirudi salama nitakueleza.'"

Najla aligeuka. Ukutani, nyuma ya vumbi, tangazo lilisema abiria anaweza kukataa mashine akaguliwe kwa mkono, faraghani, na mtu wa jinsia yake. Chini yake kulikuwa na sharti jingine: picha za wanawake zitatazamwa na mwanamke tu.

Akafungua daftari la zamu. Kila siku palikuwa na sahihi mbili za wanawake. Kadra, mlangoni pa Kioo. Cynthia, kwenye skrini. Hata leo Cynthia alikuwa ametia sahihi.

Akatoka nje. "Nani amemwona Cynthia leo?"

Mama Sabdio, muuza chai, aliweka birika chini. Hakuna jambo la Minjila lililowahi kumpita mama huyo likiwa zima.

"Cynthia yupi, binti yangu? Yule wa mwanya? Huyo aliolewa Voi kabla ya Ramadhani. Tena hakutualika. Pilau ya harusi yake tuliila kwenye picha za simu."

Watu wakacheka. Najla hakucheka. Alikuwa anahesabu. Miezi mitano. Kadra akiwa mlangoni pa Kioo, hawezi kuwa kwenye skrini. Miezi mitano hiyo, skrini ilitazamwa na nani?

Alimwita Khalid, msimamizi wa walinzi. Mtu mrefu, mpole wa sauti, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka viganjani, na joto lile la Tana.

"Ulikuwa wapi Kadra alipouawa?"

"Nje, napanga mizigo."

"Mizigo haijapangwa."

"Nilikuwa ndiyo naanza."

"Swaleha unamjua?"

"Simjui. Nimemwona hapa mara mbili. Wiki iliyopita alipita vizuri, leo akaleta fujo."

"Labda aliona haya. Mwanamke mwenye heshima zake."

Khalid akabetua mdomo. "Haya gani, afande? Mjane mzima, shanga mistari mitatu kiunoni na hirizi ya bati ubavuni, halafu ajifanye bikira mbele ya mashine?"

Konstebo aliacha kuandika. Najla alifunga daftari taratibu, kana kwamba hakusikia.

"Nisubiri hapo," alisema.

Alirudi kwa Swaleha, akaketi karibu naye, akashusha sauti.

"Nisamehe, dada. Kiunoni umevaa nini?"

Swaleha alitazama chini. "Shanga. Alinifunga bibi yangu."

"Mistari mingapi?"

"Mitatu. Na hirizi, tangu mtoto augue."

"Nani anayejua?"

"Kadra alizipapasa leo, Mungu amrehemu. Mwanamume aliyezijua amelala kaburini Kipini."

"Wiki iliyopita ulipita kwenye Kioo?"

"Nilipita." Kisha akaelewa. Akajikumbatia kwa mikono yake yenye pingu, akaanza kulia bila sauti.

Najla alirudi ukumbini.

"Kunja shati, Khalid."

"Afande?"

"Mikono yote miwili. Kunja."

Hakukunja. Konstebo akamkunjia. Mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kiganjani, ulikuwa na mikwaruzo miwili mirefu, mibichi.

"Mwanamke hapa havai shanga za kuonyesha barabarani," alisema Najla. "Umezionea wapi?"

Nje, ukuta wa mabati ulikuwa umejaa masikio.

"Sahihi za Cynthia unaziandika wewe. Simu yako iko wapi?"

Aliitoa mwenyewe.

"Nilikuwa natazama tu," alisema. "Sikumgusa mtu. Nilikuwa napiga picha zile za skrini, natazama, basi. Kadra alidhani kampuni inaleta mwanamke kupitia mlango wa nyuma. Jana akaingia ghafla. Akaniona. Akanipokonya simu, na ya kwanza aliyoikuta..."

"Ya nani?"

"Ya mama yake."

Konstebo akasema neno la Kiorma ambalo halikuandikwa kwenye maelezo.

"Alisema Ijumaa atasimama mbele ya kina mama wote. Unajua wanaume wa huku wangenifanya nini? Leo akamfundisha yule mjane kukataa. Nikajua kesho watakataa wote. Alipoingia chumbani nilimwomba anirudishie simu nizifute picha. Akaniambia, 'Simu utaifuta. Macho yako utayafuta na nini?' Waya ulikuwa hapo mezani."

Pingu zilitoka mikononi mwa Swaleha zikaingia mikononi mwa Khalid. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Rubani alisogea akikuna shingo.

"Afande, vitu vya mama huyu vilibaki wazi muda wote huu. Asipokaguliwa upya siwezi kumpakia. Na mkaguzi wa kike ndiye huyo aliyeuawa."

Najla alichomoa plagi ya Kioo. Taa zake zikazimika moja moja.

"Nitakukagua mimi," alimwambia Swaleha. "Nyuma ya pazia. Unaniruhusu?"

Swaleha aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya pazia aliinua mikono juu, kama Kioo kilivyomfundisha. Najla akaishusha.

"Hapa hatuinui mikono."

Alimkagua kwa mgongo wa kiganja. Kiunoni shanga zililia mara moja, kidogo.

"Hata yeye alinikagua hivyohivyo," alisema Swaleha.

Ndege iliondoka naye. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeipungia mkono. Wanawake wa Minjila walisimama wamejifunga leso zao mpaka shingoni, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo ni mara ngapi alipita pale.

Ndani ya gari, Najla alitia simu ya Khalid kwenye mfuko wa vielelezo, akaubana, akaandika tarehe. Konstebo aliuliza kama aifungue waone ni picha ngapi.

"Itafunguliwa na wanawake wa maabara," alisema. "Si wewe. Wala si mimi."

Yeye mwenyewe, tangu Ramadhani, alikuwa amepita kwenye Kioo mara mbili.