Dawati la Nyuma Dirishani

Kila asubuhi nyumba ya Mama Chiriku iliamka kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani, maana Mama alikuwa fundi wa nguo na alianza kushona hata kabla chai haijachemka. Ya pili ilikuwa ya binti yake wa darasa la sita, ambaye hakuitwa Chiriku bure. Mtoto huyo alizungumza hata akiwa anapiga mswaki!

Aliyemsikiliza sana alikuwa Bibi, mama yake Mama. Bibi na mjukuu wake walilala chumba kimoja. Bibi alikuwa na pumu, na kila alipoamka aliketi kitandani, akavuta dawa yake, akashusha pumzi taratibu, kisha akasema, "Haya, mke mwenzangu, nimeshajaza upepo. Lete habari." Chiriku alikuwa akicheka kila mara anapoitwa hivyo.

Lakini tangu ugonjwa uingie mjini, habari zenyewe hazikuwa za kuchekesha. Shule zilifungwa, zikafunguliwa tena nusunusu. Watu walivaa barakoa na kusalimiana kwa mbali. Daktari alimwambia Mama waziwazi kwamba kifua cha Bibi hakitauweza ugonjwa huo. Tangu siku hiyo Mama alishona huku sikio lake liko chumbani, na Bibi akikohoa kidogo tu, cherehani ilinyamaza.

Basi shule ikatangaza kwamba wanafunzi wote watapimwa. Wazazi walifurahi, kwani ndilo walilokuwa wakilidai. Ila lilivyopangwa, jamani! Kwanza ulikuja ujumbe wa simu kwamba kila mzazi amlete mwanawe Jumatatu asubuhi. Wazazi wakaacha kazi zao, wakasimama nje ya lango wamebanana bega kwa bega, wao ambao kila siku waliambiwa wasikaribiane. Jua likawachoma weee, mwishowe mlinzi akatoka na kusema vipimo havijafika. Kesho yake ukaja ujumbe kwamba wazazi wasije kabisa. Halafu ukaja mwingine: watoto watapimiwa darasani, na majibu yatatumwa kwenye kundi la simu la wazazi.

"Kwenye kundi?" Mama alifoka, mkasi mkononi. "Majibu ya mwanangu yasomwe na kila mtu, kwani ni matokeo ya mpira?"

Akampigia Mwalimu Mkuu papo hapo. Mwalimu Mkuu akamwambia asiwe na wasiwasi, majina hayatatajwa. Yatatajwa madawati tu.

"Madawati!" Mama alisema baada ya kukata simu. "Hivi kuna asiyejua nani anakaa wapi? Watu wazima wamekaa kikao kizima, na hilo ndilo walilotoka nalo!"

Chiriku aliyasikia hayo yote, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Mvulana mmoja wa darasa la saba alikuwa amemwambia kwamba kijiti cha kupimia huingizwa puani mpaka kinagusa ubongo. Tangu aambiwe hivyo, pua ilikuwa ikimwasha hata pasipo sababu.

Siku ya kupimwa ilipofika, Mwalimu alipita akiweka kichupa kidogo kwenye kila dawati. Kila kichupa kilibandikwa namba ya dawati lake. Kisha wakaja manesi wawili waliovaa makoti meupe, na barakoa zilizowaacha macho tu. Mwalimu alitaka kuwapa maelezo, lakini akaitwa kwenye ujia, maana baba mmoja alikuwa amefika na kuuliza kwa ukali kwa nini mwanawe anapimwa bila yeye kuwapo. Manesi wakaamua kuanza na dawati la mbele mlangoni. Na dawati la mbele mlangoni lilikuwa la nani? La Chiriku.

Akaifunika pua kwa viganja, juu ya barakoa yake.

"Mtoto mwoga wewe," alinong'ona rafiki yake, aliyenyemelea kutoka dawati lake la nyuma. Huyu walimwita Shangazi, kwa sababu alipenda kuwapa wenzake mawaidha kama mtu mzima, na baba yake, kinyozi wa mtaani, aliitwa Baba Shangazi mpaka na wateja wake. "Nenda kakae kwangu nyuma dirishani. Mimi nianze, nikuonyeshe kwamba watu hawafi."

Wakabadilishana haraka. Kwa zile barakoa usoni, manesi wangejuaje? Shangazi alipimwa wa kwanza, akapiga chafya, akaonyesha dole gumba. Chiriku alipimwa wa mwisho. Kijiti kilimchoma kidogo, machozi yakamtiririka, mambo yakaisha. Manesi walipotoka kila mmoja alirudi mahali pake, nao wakachekana mpaka mbavu zikawauma. Hakuna kati yao aliyekumbuka vichupa.

Majibu yalikuja kesho yake alasiri. Mama alikuwa akipindisha sketi kwenye cherehani, akamwambia Chiriku amsomee ujumbe kwenye simu.

"Darasa la sita," Chiriku alisoma kwa sauti. "Madawati yote salama, isipokuwa la mwisho, dirishani. Mwanafunzi huyo ana maambukizi. Asije shuleni."

Hata hajamaliza, maneno ya wazazi yakaanza kumiminika kwenye kundi. Huyo si mtoto wa kinyozi? Mume wangu alinyolewa pale juzi! Afunge duka leo hii!

"Masikini Baba Shangazi," Mama alisema, akatikisa kichwa. "Mungu wangu, leo ingekuwa sisi!"

Chiriku alifungua mdomo aseme, akaufunga. Jana, kijiti kilipokuwa kikiingizwa kwenye kichupa cha dirishani, aliyekaa pale hakuwa Shangazi. Alikuwa yeye. Akameza mate. Koo lilikuwa likimkwaruza tangu asubuhi, na alidhani ni vumbi la chaki.

"Chiriku!" Bibi aliita kutoka chumbani. "Njoo unikande mgongo, mwanangu. Leo umeniuma kweli."

Akisema, Mama atawaka. Watu wataandika juu yake kama walivyomwandika Shangazi, na wateja wa Mama watakimbia kama wateja wa kinyozi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Shangazi mwenyewe labda hatakumbuka. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, na urahisi wenyewe ndio uliomtisha.

Akaenda hadi mlangoni. Bibi alikuwa amelala ubavu, amempa mgongo, anamngoja. Kisha Bibi akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja tu, kikavu, lakini nywele zilimsisimka Chiriku mwili mzima. Akarudi kinyumenyume mpaka akajigonga kwenye meza ya cherehani.

"Una nini wewe?" Mama aliuliza.

"Bibi, usije!" Chiriku alipiga kelele, kwa kuwa Bibi alikuwa ameanza kuinuka amtazame. "Usinisogelee! Mama, mzuie! Ni mimi! Nilikaa kwa Shangazi jana, niliogopa kupimwa wa kwanza, tukabadilishana. Yale majibu ni yangu!"

Mkasi ulimponyoka Mama. Chiriku aliona uso wake ukibadilika rangi. Kisha Mama akavuta barakoa iliyokuwa imening'inia sikioni, akaivaa.

"Toka nje," alisema. "Nenda barazani. Usiguse chochote."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Chiriku alikaa barazani peke yake, amekumbatia magoti, akimtazama Mama kupitia dirishani. Mama alikuwa akifungua madirisha yote, akitoa mashuka. Bibi aliketi kitandani akivuta dawa yake, akavuta tena. Nimelala naye jana, Chiriku aliwaza. Nimemkanda mgongo, nimemsimulia habari hadi usingizi ukatuchukua. Nimemuua Bibi yangu. Akalia kimyakimya, akiogopa hata kulia kwa nguvu asije akasambaza ugonjwa.

Mama alimpigia simu mjomba wake Chiriku, aliyeishi peke yake, akaja kumchukua Bibi. Bibi alipopita uani alisimama mbali na baraza.

"Naogopa, mjukuu wangu," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini umenisemea, na wewe pia ulikuwa unaogopa. Hilo nimeliona."

Kisha Mama akampigia Baba Shangazi. Kinyozi alikuja mbio, akasimama nje ya ua, kofia mkononi. Aliposikia kisa chote aliguna.

"Nimemfungia mwanangu chumbani tangu majibu yatoke," alisema. "Analia, anasema hajisikii kuumwa. Mimi nikamwambia anyamaze. Duka nimefunga. Kuna jirani amekataa hata salamu yangu." Akamtazama Chiriku, Chiriku akainamisha kichwa. "Kesho tunakwenda shuleni. Wote."

Asubuhi yake wazazi walijaa nje ya lango, na safari hii walisimama mbalimbali kwa hiari yao. Chiriku na Shangazi waliwekwa uwanjani, mmoja huku na mmoja kule, barakoa usoni. Mwalimu Mkuu alitoka akijifuta jasho.

"Ndugu wazazi, sisi tulipanga vizuri," alisema. "Watoto ndio waliovuruga kwa kuhama madawati."

"Usiwatupie watoto mpira, Mwalimu," Mama alimjibu. "Mwanangu alihama, kosa lake analo, na nyumbani atalijibu. Lakini nani alimuuliza jina kabla ya kumpima? Mlipima madawati! Mtoto wa mwenzangu ametangazwa mji mzima, na mama yangu mgonjwa wa pumu nusura aendelee kulala na mtoto aliyeambiwa yuko salama."

"Na mimi mngenipigia simu peke yangu," alisema kinyozi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa sababu hiyo kila mtu alinyamaza amsikie. "Mtoto wangu alisomwa na watu wote kabla sijamwambia mimi mwenyewe."

Mwalimu Mkuu alitazama chini. "Tulikosea," alisema. "Tuliona haraka ni bora kuliko uhakika. Naomba radhi kwa wazazi, na kwako wewe, binti," akamwambia Shangazi.

Manesi wakaanza upya, hapohapo uwanjani kwenye hewa. Safari hii kila mtoto alitaja jina lake, nesi akalirudia, na mzazi akiwa pembeni. Vilikuwa vipimo vya haraka, na majibu aliambiwa kila mzazi faraghani. Shangazi hakuwa na maambukizi. Chiriku alikuwa nayo.

Zikafuata siku za roho mkononi. Chiriku alijitenga chumbani, chakula kikiwekwa mlangoni. Homa ilimpanda ikashuka, lakini yeye hakuijali. Kila simu ilipolia alishtuka kitandani, akidhani ni Mjomba anapiga kusema Bibi amezidiwa. Bibi alipimwa mara ya kwanza, hakukutwa na kitu. Nesi akasema ni mapema mno, wasishangilie. Chiriku akangoja tena, hali wala halali vizuri.

Siku Bibi alipopimwa mara ya pili, nesi alipita nyumbani mwenyewe kutoa majibu. Alisimama barazani, Mama kando yake, na Chiriku akasikiliza kutoka dirishani.

"Bibi ni mzima," nesi alisema.

Mama alikaa chini palepale sakafuni, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Chiriku alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Dada nesi," aliuliza, "na kama ningenyamaza?"

Nesi alimgeukia. "Ungeendelea kulala naye chumba kimoja, siku zote ulizokuwa na homa," alisema. "Usitake nikuambie yaliyobaki."

Nesi alipoondoka, Mama alisogea hadi karibu na dirisha, bado kwa mbali kidogo.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kuogopa si kosa. Mimi naogopa kila siku, Mwalimu Mkuu aliogopa lawama, hata Bibi aliogopa. Kosa ni kumwachia mwingine abebe hatari kwa sababu wewe unaogopa. Ulimwachia Shangazi kichupa chako, ukaona mchezo. Hapo ulikosea, na utakwenda kumwomba radhi, yeye na baba yake. Lakini pale mlangoni kwa Bibi uliogopa zaidi kuliko siku ile darasani, na bado ukasema kweli. Ukishikwa na hofu tena, fanya kama ulivyofanya mlangoni."

"Nilitaka kunyamaza, Mama," Chiriku alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka sana."

"Najua," Mama alisema. "Nilikuwa nakutazama. Mama yangu yuko hai kwa sababu hukunyamaza."